Kulala Hemani Usiku wa Mvua na Kuamka Mkavu: Mwongozo Kamili

Usiku wangu wa kwanza hemani chini ya mvua kubwa, niliamka saa nane sikio langu likiwa ndani ya maji. Niliwasha tochi nikamulika dari: kavu. Nikapapasa mishono yote: kavu. Hema lilikuwa jipya na halikuvuja hata tone. Maji yalikuwa yamejikusanya juu ya plastiki niliyoitandika chini kwa mikono yangu mwenyewe, yakapenya sakafu pale nilipoikandamiza kwa uzito wa mwili. Nilichuchumaa hadi alfajiri, begi la kulalia likinichuruzika mabegani.

Nimelala nje kwenye mvua mara nyingi tangu hapo. Kila ninapokutana na mtu aliyejaribu akashindwa, maelezo ni yaleyale: "Hema lilivuja." Tukilikagua pamoja, mara nyingi tunalikuta zima.

Maji humfikia mlalaji kwa njia nne. Hutoka juu, yaani mvua yenyewe. Hutoka chini, maji yanayotiririka ardhini. Hutoka pembeni, pale upepo unapoisukuma mvua chini ya kifuniko. Na hutoka ndani, katika pumzi na jasho la mlalaji mwenyewe. Wengi hujiandaa kwa njia ya kwanza tu. Hatua zilizo hapa chini zinaziba zote nne, na zimepangwa kwa kufuata muda, kuanzia wiki moja kabla ya safari.

Vifaa utakavyohitaji

- Hema lenye tabaka mbili: hema la ndani, na kifuniko cha nje kinachoshuka hadi karibu kugusa ardhi. Kifuniko kinachoishia katikati ya ukuta hakifai kwa mvua yenye upepo.
- Turubai jepesi la kama mita 3 kwa 3, na kamba nyembamba ya mita 20.
- Plastiki nene ya kutandika chini ya hema, iliyokatwa ndogo kuliko sakafu kwa sentimita 5 kila upande. Kipimo hiki ni muhimu, na nitakirudia.
- Vigingi vya hema, pamoja na vinne vya akiba.
- Godoro la kulalia, la sponji isiyonyonya maji au la kujaza hewa.
- Begi la kulalia linaloendana na baridi ya mahali uendako. Ukipanda mlima, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selisiasi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo usipime baridi ya kileleni kwa hali ya hewa ya bondeni.
- Seti moja ya nguo za kulalia: fulana ya mikono mirefu, suruali ya ndani, soksi nene na kofia. Ziwe za sufu au nyuzi za viwandani, si za pamba. Pamba ikilowa hushika maji, huchelewa kukauka na huacha kukupa joto.
- Mifuko mitatu mikubwa ya plastiki nene, isiyo na tundu.
- Tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba.
- Chupa ngumu inayostahimili maji ya moto na isiyovuja mfunikoni.
- Jiko dogo, sufuria na kitambaa cha kufutia maji.

Jembe la kuchimbia mfereji kuzunguka hema sikuliweka kwenye orodha kwa makusudi. Sababu utaikuta katika hatua ya 5.

Hatua ya 1: Lilowanishe hema ukiwa bado nyumbani

Wiki moja kabla ya safari, lisimamishe hema mahali pa wazi. Panga vipande vya karatasi laini ya chooni ndani, kufuata mishono ya sakafu na pembe zote. Kisha limwagie maji kwa mpira wa bustani kwa dakika 20 mfululizo, kwanza kutoka juu, halafu kwa pembeni kama mvua ya upepo. Karatasi itakuonyesha hata unyevu ambao jicho lingeupita.

Ukikuta mshono unaopitisha maji, usubiri ukauke kabisa ndipo uupake gundi ya mishono. Angalia aina ya kitambaa kwanza. Kilichopakwa silikoni hushikana na gundi ya silikoni peke yake, na kilichopakwa poliurethani kina gundi yake. Ukizichanganya, gundi itabanduka kama gamba. Wiki hiyo moja inakupa nafasi ya kukausha, kujaribu tena na kurudia ukihitaji.

Halafu lisimamishe mara ya pili ukiwa umefunga macho kwa kitambaa. Hili huwashangaza watu, lakini nalisisitiza kwa sababu mvua haingoji umalize kusoma maelezo. Nimewahi kufika kambini gizani, mvua imeshaanza, tochi imegoma, na vidole vyangu ndivyo vilivyonionyesha fito ipi inaingia wapi.

Umefaulu kama hema linasimama chini ya dakika 10 bila kuuliza, na karatasi zote zimebaki kavu.

Hatua ya 2: Pakia begi kinyumenyume

Kitakachohitajika kwanza kiingie mwisho. Turubai na kamba zake ndivyo vikae juu kabisa, chini yake hema, kisha chakula cha jioni. Begi la kulalia na nguo za kulalia viingie chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, shingo ya mfuko isokotwe, ikunjwe na ifungwe. Sababu ni kwamba ukifika mvua inanyesha, uweze kutoa turubai na kulifunga bila kufungua kitu kingine chochote.

Usitegemee kile kifuniko kinachovalishwa begi kwa nje peke yake. Maji huteremka mgongoni mwako, hufuata mikanda ya mabegani na kuingia upande ambao kifuniko hakifiki. Ukitembea saa tatu kwenye mvua, chini ya begi utakuta dimbwi. Mfuko wa ndani ndio unaookoa usiku wako.

Hapa pana sheria moja ambayo siivunji: nguo za kulalia hazivaliwi mchana, hata baridi iwe kali vipi. Zinatoka kwenye mfuko wake ndani ya hema, na zinarudi humo kabla sijatoka. Mwili mkavu ndani ya nguo kavu unaweza kuvumilia mambo mengi. Ukishailowanisha seti hiyo, huna pa kukimbilia tena.

Hatua ya 3: Chagua mahali saa mbili kabla ya giza

Hii ndiyo hatua inayoamua karibu kila kitu, na ndiyo watu huifanya kwa haraka kuliko zote, kwa sababu wamechoka na miguu inauma. Mahali pakiwa pabaya, hema la bei yoyote halitakusaidia. Mahali pakiwa pazuri, hata turubai tupu linaweza kukufikisha asubuhi.

Maji hufuata mkondo, na mkondo huacha alama hata wakati wa kiangazi. Kabla hujatua begi, izunguke sehemu hiyo ukitazama chini. Majani makavu na vijiti vilivyolala vikielekea upande mmoja vinakuambia maji yalipita hapo. Takataka zilizokwama kwenye mashina zinakuonyesha yalifika kimo gani. Udongo laini uliokauka ukapasuka vipandevipande ni sakafu ya dimbwi lililokuwapo. Sehemu ngumu iliyokanyagwa na wapiga kambi wengi inaonekana nzuri, lakini mara nyingi imebonyea katikati kama sahani, na udongo wake umeshindiliwa hata haunywi maji.

Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo kuliko inayoizunguka, yenye nyasi fupi au udongo unaonyonya maji, na mteremko mdogo sana. Kimo nacho kina hesabu yake. Chini kabisa bondeni, hewa baridi hutuama usiku kwa kuwa ni nzito kuliko ya joto, na unyevu huongezeka. Juu kabisa kwenye kigongo utapata upepo na radi. Mimi hupenda kuwa juu ya bonde kidogo, kwenye bega la mlima, penye kichaka au mwamba wa kukata upepo.

Simama katikati ya mahali ulipochagua, kisha tazama juu. Ukiona tawi lililokauka au mti uliokufa, hama. Tawi lililolowa huongezeka uzito, na upepo wa usiku haukupi onyo. Kumbuka pia kwamba mti huendelea kutonesha saa nzima baada ya mvua kukoma, kwa hiyo kulala chini yake hakukupunguzii maji. Ukingo wa msitu ni bora kuliko katikati yake.

Onyo kubwa: usilale kamwe kwenye mto mkavu, hata mbingu iwe safi namna gani. Mvua inaweza kunyesha mbali sana juu ya mto, mahali usipopaona wala kusikia ngurumo yake, na maji yakakufikia usiku yakiwa na magogo na mawe. Nilikuwa nimelala kwenye ukingo wa juu wa mto wa namna hiyo mara moja. Jioni tulikula chakula chetu kwenye mchanga wake mweupe, na mwenzangu alitaka tulale palepale kwa sababu palikuwa laini. Tulipanda juu kwa kusitasita. Kabla ya mapambazuko tulisikia mngurumo kama wa lori, na kulipopambazuka mchanga wote ulikuwa chini ya maji ya rangi ya matope. Juu yetu haikuwa imenyesha hata kidogo.

Na mto wenye maji je? Kaa angalau mita 60 kutoka ukingoni, na juu ya alama za mafuriko. Umbali huo unakulinda wewe, na unayalinda maji yenyewe dhidi ya uchafu wa kambi.

Mwisho, lala chali palepale kabla ya kufungua hema, dakika mbili. Utaisikia mizizi na mawe, na kichwa kitakuambia mteremko uko upande gani. Kichwa kiwe juu, miguu chini.

Umefaulu kama unaweza kumwaga chupa ya maji mahali hapo na kuyaona yakizama au kuondoka, wala yasisimame.

Hatua ya 4: Turubai kwanza, hema baadaye

Hata kama anga bado ni bluu, funga turubai kabla ya kugusa hema. Ukishakuwa na paa, kila kazi inayofuata inafanyika pakavu: kusimamisha hema, kupika, kubadili viatu. Hema la aina ambayo sehemu ya ndani husimama kwanza hulowa ndani kabla ya kuvikwa kifuniko, na maji hayo utalala nayo.

Pitisha kamba kati ya miti miwili, lisambaze turubai juu yake kama paa la nyumba, ubavu mmoja ukishuka chini kuelekea unakotoka upepo. Usiliache tambarare. Maji yatatuama katikati, yatalivuta, na mwishowe yatamwagika yote kwa pamoja juu ya mlango wako. Kama hakuna miti, fimbo mbili za kutembelea zinatosha kuwa nguzo.

Kuna jambo dogo hapa ambalo nilijifunza nikiwa nimeshalowa. Maji hutambaa juu ya kamba kama sisimizi, yakafuata hadi ndani ya paa. Funga kipande cha uzi au kitambaa kwenye kamba, sentimita chache kabla haijaingia chini ya turubai, kining'inie. Maji yatakifuata na kudondokea nje.

Hatua ya 5: Tandika plastiki ya chini, na isionekane

Hapa ndipo nilipokosea ule usiku wa kwanza, na hapa ndipo wengi ninaozungumza nao wanakosea.

Plastiki inayochomoza nje ya sakafu ya hema, hata kwa upana wa kiganja, ni bakuli. Mvua inayoteremka kwenye kifuniko cha nje huiangukia, kisha huteleza moja kwa moja chini yako. Ndiyo maana nilisema ikatwe ndogo kwa sentimita 5 kila upande. Kama ni kubwa, ikunje kwa chini, mkunjo ukitazama ardhi, siyo kwa juu ambapo utashika maji.

Baada ya hema kusimama, lizunguke lote ukiwa umeinama. Ukiona plastiki popote, isukume ndani.

Usichimbe mfereji kuzunguka hema. Unakata mizizi ya nyasi na kufungua njia ya mmomonyoko, kidonda kinachobaki baada yako kwa miaka, na kwa mvua kubwa mfereji hujaa na kumwagika hata hivyo. Anayefikiria kuchimba amechagua mahali pabaya. Arudi hatua ya 3.

Hatua ya 6: Kaza kila kamba

Elekeza upande mwembamba na mfupi wa hema kwenye upepo, mlango ukiupa upepo kisogo au ubavu. Piga vigingi kwa mshazari wa nyuzi 45, kichwa kikiinamia mbali na hema, ili kamba inapovuta izidi kukizamisha badala ya kukichomoa. Penye mchanga, jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uuzike. Penye mwamba, zungushia kamba kwenye jiwe kubwa na uliongezee lingine juu.

Tumia kamba zote za hema, hata zile zinazoonekana za urembo. Kazi yake si kuzuia upepo tu. Zinakitenga kifuniko cha nje na hema la ndani. Tabaka hizi mbili zikigusana, unyevu wa moja hupita hadi nyingine na ukuta wako unaanza kutonesha.

Kifuniko cha nailoni hutanuka kikilowa. Hata ukikikaza vipi jioni, nusu saa baada ya mvua kuanza kitakuwa kimelegea. Toka, uzikaze tena. Najua ni shida kutoka ukiwa umeshatulia. Toka tu, kwa koti la mvua, kabla hujavaa nguo za kulalia.

Dalili ya kufaulu: ukikipiga kifuniko kwa kidole kinalia kama ngoma, na unaweza kupitisha mkono kati ya tabaka mbili pande zote.

Hatua ya 7: Gawanya hema kuwa pakavu na palipolowa

Kibaraza cha hema, ile sehemu iliyo kati ya mlango wa ndani na wa nje, ni pa vitu vilivyolowa. Ndani ni pa vitu vikavu tu. Hakuna eneo la katikati.

Fanya hivi kila unapoingia: fungua mlango, geuka, keti sakafuni miguu ikiwa bado nje, vua viatu na uviweke kibarazani vikiwa vimelazwa, vua koti la mvua ulikung'ute nje na kulifungia kwenye mfuko wa plastiki, kisha ingiza miguu. Jipanguse kwa kitambaa. Ndipo uvae nguo kavu.

Nilisafiri miezi kadhaa na mtu aliyefanya haya kila mara kwa utulivu uleule, hata tulipokuwa tumechoka hadi machozi. Mwanzoni nilimwona ana taratibu nyingi. Baada ya wiki mbili za mvua, begi lake la kulalia lilikuwa limejaa hewa kama siku ya kwanza, na langu lilikuwa zito, limeshikana mabongemabonge.

Hatua ya 8: Jipashe joto kabla ya kuingia kitandani

Begi la kulalia halitoi joto. Linahifadhi lile unaloingia nalo. Ukiingia umeganda, utabaki umeganda saa nyingi.

Kula chakula cha moto chenye mafuta kidogo, maana mafuta huungua taratibu mwilini. Chemsha maji, jaza chupa, kaza mfuniko, igeuze juu chini kuhakikisha haivuji, kisha ivalishe soksi na uiweke kati ya mapaja, palipo na mishipa mikubwa ya damu. Asubuhi maji hayo utayanywa. Ruka mahali ulipo au fanya mazoezi mepesi dakika tano, lakini uache kabla jasho halijatoka. Nenda haja pia, hata kama huhisi, kwani kutoka saa tisa usiku kunapoteza joto lote ulilojikusanyia.

Baridi kubwa hutoka chini. Uzito wako hulikandamiza begi la kulalia hadi upande wa chini hauna hewa tena, na ardhi yenye unyevu hukunyonya joto usiku kucha. Ndiyo maana godoro lina kazi kubwa kuliko blanketi la pili. Kama ni jembamba, ongeza chini yake begi tupu, kamba, nguo zilizobaki kavu, chochote kinachoshika hewa.

Onyo la uhai: usiwashe jiko wala makaa ndani ya hema, hata kwa dakika chache, hata ukiwa umefungua zipu kidogo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Inaleta kichwa kuuma, kisha usingizi, na mtu haamki. Pika chini ya turubai.

Hatua ya 9: Fungua matundu ya hewa

Hapa kila mtu hubishana nami. Mvua inanyesha, halafu unaniambia nifungue? Ndiyo, fungua.

Mtu mmoja hutoa kwa pumzi na ngozi glasi moja ya maji au zaidi kwa usiku. Wawili, mara mbili yake. Mvuke huo usipopata njia, hugusa kifuniko baridi na kugeuka matone, kama mfuniko wa sufuria. Asubuhi mtu anapapasa ukuta uliolowa na kulilaumu hema, kumbe maji ni ya kwake mwenyewe.

Fungua matundu yote ya juu, na uache zipu ya mlango wa nje wazi kwa upana wa kiganja kwa juu, upande usio na upepo. Hewa baridi itaingia kwa chini na yenye mvuke itatokea juu. Usiweke nguo zilizolowa ndani ukitumaini zitakauka. Hazitakauka, bali zitaongeza mvuke.

Wala usifunike uso ndani ya begi la kulalia. Pumzi yako italilowanisha kutoka ndani. Vaa kofia, kaza begi shingoni, uache pua na mdomo nje.

Umefaulu kama alfajiri ukuta wa hema la ndani ni mkavu ukiupapasa. Kifuniko cha nje kinaweza kuwa na matone machache kwa ndani, na hilo ni la kawaida.

Mambo yakiharibika usiku

Maji yakiingia, usijifanye huyaoni. Kwanza linda begi la kulalia na nguo: vyote kwenye mfuko wa plastiki. Kisha tafuta yanakotokea. Mara nyingi ni plastiki ya chini au kigingi kilichong'oka, na dakika kumi nje zinatosha. Futa, kaza, rudi.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sekunde hizo zikiwa chini ya 30, hema si mahali pa kukaa, kwani halikingi radi hata kidogo. Nenda kwenye jengo imara au gari lililofungwa, na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kama hakuna, shukeni kutoka sehemu ya juu, kaeni mbali na mti ulio peke yake na fito za chuma, mtawanyike, kila mtu achuchumae juu ya godoro lake miguu ikiwa pamoja. Msilale chini, kwa sababu umeme husambaa ardhini.

Jambo ninaloliogopa zaidi ni baridi ya mwilini. Maji huondoa joto la mwili haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo mtu aliyelowa na kupigwa na upepo anaweza kuwa hatarini hata hali ya hewa ikiwa nyuzi 10. Mtazame mwenzako. Anatetemeka, anashindwa kufunga kamba ya kiatu, maneno yanamtoka kwa kuburuta, anajikwaa, anakasirika bila sababu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hayo huanza kuonekana. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, amezidiwa.

Mvue vyote vilivyolowa, mvalishe vikavu, mtenge na ardhi, mwingize kwenye begi la kulalia, na muweke chupa ya moto iliyofungwa kitambaa kifuani au kwapani. Akiwa na fahamu na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, wala usimpe pombe, kwani inafungua mishipa ya ngozi na joto linapotea zaidi. Kama hapati nafuu, tafuta msaada usiku huohuo.

Hatua ya 10: Asubuhi, na siku ya kurudi

Nguo kavu zirudi kwenye mfuko. Vaa zile zilizolowa jana. Hakuna dakika ngumu kuliko hiyo katika safari nzima, na nimewaona watu wazima wakiangalia soksi zao zilizolowa kwa muda mrefu bila kusema. Lakini dakika tano za kutembea zitazipasha joto, na usiku utakuwa bado na seti yako kavu. Ukivaa kavu asubuhi, saa nne zitakuwa zimelowa na jioni huna kitu.

Pakia kila kitu cha ndani ungali ndani. Kisha shusha hema chini ya turubai, likung'ute, na ulifunge kifuniko cha nje kwenye mfuko wake peke yake ili kisililowanishe hema la ndani. Turubai lishuke mwisho. Jua likitoka njiani, simama nusu saa, tandaza kila kitu.

Ukifika nyumbani, tandaza hema kabla ya kuoga. Lining'inize kwenye kivuli chenye upepo hadi mishono na mikunjo ya pembe ikauke, jambo linaloweza kuchukua siku mbili, kwa maana pembe hukauka mwisho. Begi la kulalia lihifadhi likiwa limefunguliwa au ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa, lisibanwe. Hema langu bora kuliko yote lilivumilia dhoruba za miaka mingi, kisha likafa kabatini kwa kuvu, baada ya kulifunga na unyevu kidogo nikisema nitalianika kesho.